Mandari na Safari za Marafiki, na Namna ya Kuzipanga

Tumeulizwa katika darsa na vijana kadha wa kadha, wa Likoni na wa Kisauni na wa Changamwe, kama yafaa mtu kufunga safari pamoja na rafiki zake kwenda mandari tu, pasina biashara wala mgonjwa wa kumzuru. Jawabu ni jepesi: yafaa, madamu hapana ndani yake lililoharamishwa wala faradhi iliyopotezwa. Moyo huchoka kama mwili uchokavyo, na mwenye kuupumzisha kwa halali hana lawama. Illa twaona kwamba waulizaji wameuliza lililo jepesi wakaliacha lililo zito. Lililo zito ni kwamba, mtu akisharuhusiwa kwenda, je, anajua kwenda? Kwani wengi katika sisi twajua kutoka, na kutoka na kusafiri ni mambo mawili mbalimbali.

Wazee wetu hawakuhitaji kufunzwa haya, maana njia yenyewe iliwafunza. Daraja la Nyali lililojengwa 1931 lilikuwa la kuelea juu ya maji, likatumika hivyo mpaka 1980 lilipofunguliwa hili la sasa. Na mpaka 1991 mwenye kwenda Malindi alisimama Kilifi akangojea kivuko. Safari ya kilomita 120 ilikuwa ni ya kumla mtu siku yake. Basi hakutoka mtu nyumbani ila amekwisha kujua atakula nini, atalala kwa nani, na nani amemwachia watoto. Leo madaraja yako na lami iko, na wepesi huu ndio uliotusahaulisha. Marafiki hukubaliana kwa simu baada ya sala ya Isha kwamba kesho ni Malindi. Kisha usiku kucha shughuli ni pilau, na viazi vya karai, na nguo za sare. Hapana aulizaye dereva ni nani, amelala saa ngapi, na sisi tutarudi saa ngapi. Na akitokea mmoja akauliza, huambiwa: “Mtegemee Mungu, ndugu yetu, usitutilie nuhusi.”

Neno hili latupasa tulitazame, kwa kuwa limevaa nguo ya dini na ndani yake hamna dini. Kumtegemea Mungu ni kazi ya moyo baada ya mikono kumaliza kazi yake. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na bwana mmoja kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kutegemea, alimwamuru afunge kwanza kisha ategemee. Na imepokewa kwa Ibn Abbas khabari ya watu wa Yaman waliokuwa wakenda Hija bila ya masurufu, wakijiita wategemezi, na wakifika Makka huwa ni wa kuomba watu. Ikateremka aya ya kuwaamuru wachukue masurufu. Ikiwa safari ya Hija, iliyo nguzo, haikusamehewa kupangwa, basi mandari ya kwenda kuogelea itasamehewa kwa hoja gani?

Na jambo la kwanza katika kupanga ni kumweka amiri. Hadithi ni maarufu kwamba wakitoka watatu safarini na wamweke mmoja wao kuwa kiongozi. Watu wa pwani hawana udhuru wa kutolifahamu hili, kwani hapana jahazi lililong'oa nanga katika bandari hii na mabaharia wakawa hawamjui nahodha wao. Lakini angalia gari la mandari. Anayeamrisha ni mwenye gari, au mwenye sauti kubwa, au aliyetoa fedha nyingi. Mmoja ataka kusimama Mtwapa, wa pili ataka kufika Watamu kwanza, wa tatu amekasirika na hasemi kitu. Huko ni kusafiri kwa ghasia, na urafiki wa miaka mingi huvunjika humo kwa jambo la nusu saa.

Tena wengi hudhani kazi ya amiri ni kwenda mbele na kupigiwa makofi. Kazi yake kubwa ni kusema “La.” Kusema la kwa gari lililokwisha kujaa na bado wako wawili mlangoni. Kusema la kwa dereva ambaye macho yake yamekuwa mazito. Kusema la kwa wanaoomba nusu saa nyingine pwani na jua limeshainama. Mtu mmoja katika kundi akiyasema haya kwa nafsi yake, huonekana mwoga na mharibifu wa furaha, kwa hiyo hunyamaza. Na wenzake nao, ambao mioyoni mwao wanayaona anayoyaona, hunyamaza kwa haya ile ile. Amiri huwekwa ili haya hii iondoke. Amekwisha kupewa neno kabla ya siku yenyewe, na wote wamekubali kwamba akisema, wanatii. Kwa sababu hii twashauri amiri asiwe dereva, maana dereva hawezi kujikataza mwenyewe, na asiwe mtunza fedha. Akina mama na mabinti wakitoka peke yao, nao pia na wawe na mmoja wao wa kusikizwa.

Wako watakaosema kwamba twalifanya kubwa jambo dogo. Wenye kusema hayo na waende Likoni na Mtongwe, wawaulize watu wazima khabari ya tarehe 29 Aprili 1994, siku kilipozama kivuko cha Mtongwe hali kimepakia zaidi ya kiasi chake, wakafa watu 272. Wale hawakuwa watu wa mandari; walikuwa wakivuka kwa shughuli zao za kulla siku. Lakini fundisho ni moja. Chombo hakijazwi na mtu mmoja. Hujazwa na wengi, kulla mmoja akisema nafsini mwake, “Mimi peke yangu sizidishi kitu.” Na ndivyo linavyojazwa gari la abiria 14 wakaingia 19, watoto wakapakatwa, na mmoja akasimama mlangoni.

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe, na hapa twataka msomaji awe na subira, kwani hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika. Safari huhesabiwa kutoka mwisho wake. Watu wengi huanza na saa ya kutoka, nayo ni makosa. Anza na saa ya kurudi, kisha rudi nyuma kidogo kidogo. Na saa ya kurudi hupangwa na aliye mbali. Bara yetu ya Mombasa si moja. Wa Kisauni yuko upande wa kaskazini, na mbele yake ni lami mpaka Malindi. Wa Changamwe yuko magharibi. Hana kivuko, lakini ana malori ya bandari, na Makupa ya kupita. Wa Likoni yuko kusini, na kati yake na Kisiwani ni mlango wa Kilindini, ambao mpaka leo gari hulivuka kwa feri. Marafiki wa mitaa hii mitatu wakisema “tukutane saa mbili,” saa mbili ya Kisauni na saa mbili ya Likoni hazilingani.

Tuchukue mfano wa Gedi, iliyo yapata kilomita 100 kutoka Kisauni. Tuseme twataka wa Likoni awe nyumbani kwake saa kumi na mbili za jioni, kabla ya Maghrib. Msongamano wa watu na magari hapo Feri wakati wa jioni waujua. Mpe saa moja kamili. Basi gari lazima liwe Kisiwani saa kumi na moja. Kutoka Gedi mpaka Kisiwani, njia ikiwa tupu, ni saa mbili. Lakini jioni, kwa Mtwapa na Bamburi zilivyo, weka saa tatu. Kwa hiyo Gedi tuondoke saa nane za mchana. Kabla ya hapo twataka saa moja ya kula na kusali na saa mbili na zaidi za kutazama, basi tufike saa nne za asubuhi. Na ili tufike saa nne, gari liondoke Kisauni saa mbili. Sasa huyu wa Likoni ameshajua kwamba yampasa kutoka kwake saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Tazama jinsi hesabu ilivyomfunulia mambo ambayo maneno ya simu yasingemfunulia. Akiona ni mzito, na aseme leo. Asingoje kulalamika kesho.

Katika yaliyopokewa kwa Jabir ni kwamba Mtume alikuwa akikaa nyuma ya msafara, akimsukuma aliye dhaifu na akimpakia nyuma yake. Huyu aliyekuwa kiongozi wa wote hakwenda mbele ya msafara akawaacha wengine wamfuate kwa nguvu zao. Katika zama zetu aliye nyuma ya msafara ni huyu wa Likoni anayengojea feri saa nne za usiku, na wenzake wamekwisha kulala. Wenye gari waweza pia kutazama barabara ya Dongo Kundu, ambayo humfikisha mtu wa kusini upande wa Miritini na Changamwe bila ya kugusa feri. Ni mwendo mrefu zaidi, lakini hauna foleni ya maji.

Ama gari lenyewe, tutasema kwa ufupi. Likodiwe gari lenye leseni ya kuchukua abiria. Mtu akichukua gari lake la nyumbani na kulipisha nauli, kwa desturi bima yake haiwachukui hao waliolipa, na ajali ikitokea hana wa kuwalipa mayatima. Yatazamwe magurudumu, taa na mikanda siku ya kuamkia safari, si wakati watu wamekwisha kupanda. Dereva na aulizwe usiku uliopita alikuwa akifanya kazi gani. Dereva aliyeendesha matatu mpaka saa sita za usiku, kisha akaamshwa saa kumi na moja, huyo si dereva ila ni mtu aliyelala akishika usukani. Na chakula chake kihesabiwe pamoja na cha wengine. Twaona aibu kulisema, lakini tumeona karamu zikiandaliwa na dereva akaachwa garini na mkate.

Fedha ndiyo fitina ya marafiki. Watu wa kabila la Ash'ari walisifiwa na Mtume kwa kuwa chakula kikiwapungukia safarini hukusanya walicho nacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa. Basi mchango una asili njema. Lakini uwe mchango wa kweli, uliohesabiwa. Tuseme gari, chakula, viingilio na maji, jumla ni shilingi 21,000 na watu ni 14. Kulla mmoja ni 1,500. Ongeza sehemu ya kumi kwa lisilojulikana, gurudumu likapasuka au mtoto akahitaji dawa, iwe 1,650. Zitumwe kwa mtu mmoja, na mtu huyo asizichanganye na zake. Hili la kuchanganya limezidi tangu fedha zikawa ndani ya simu: ya mchango na ya unga zimelala mahali pamoja, na mwenyewe hajui tena ipi ni amana na ipi ni yake. Aandike katika karatasi kulla kilichoingia na kulla kilichotoka.

Na yuko yule asiyeweza. Ni rafiki yetu, twampenda, lakini mwezi huu hana. Tukitangaza majina ya waliolipa na wasiolipa mbele ya watu wote, atafanya moja ya mawili: atakopa, au atasema ana shughuli. Abdallah bin Mubarak wa Marw, aliyefariki 181 Hijria, alikuwa akitaka kwenda Hija hukusanya fedha za wenzake akazitia sandukuni na kulifunga. Kisha akiwalisha na kuwakodia njia nzima, kwenda na kurudi. Waliporejea Marw aliwaalika karamu, akalifungua sanduku akamrudishia kulla mmoja mfuko wake, na jina lake juu yake. Hatusemi sote tuwe Ibn Mubarak, mali hatuna. Lakini watu wanne wenye uwezo kidogo waweza kumwendea mtunza fedha kwa siri wakabeba sehemu ya mmoja, na asijue mtu. Hilo laweza kufanyika Changamwe kama lilivyofanyika Marw. Ama nguo za sare, ambazo mara nyingine hugharimu kuliko gari lenyewe, sisi hatuoni njia ya kuzitetea. Mwenye kanzu yake safi na mwenye kanga yake safi waende nazo.

Mahali pa kwenda pachaguliwe kwa uwezo wa kundi. Kwa wanaoanza twaona Jumba la Mtwana ni pema kuliko Malindi: papo karibu na Mtwapa, na kundi la Kisauni laweza kwenda na kurudi kabla ya Alasiri. Ni mji wa karne ya 14 na ya 15, uliohamwa na watu wake, na magofu ya misikiti yako mpaka ukingoni mwa bahari, na kaburi lililoandikwa aya ya kukumbusha mauti. Kwa waliozoea, Gedi: kaburi lake moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na mwaka 2024 mji huu ulitiwa katika urithi wa dunia. Kwa upande wa kusini uko Msikiti wa Kongo, Diani, ambao wa Likoni aweza kuufikia bila kuona feri kwa macho yake. Na twashangaa kwa nini mandari zote zielekee kaskazini. Popote waendapo, yasichorwe majina ukutani. Aliyejenga mihirabu ile hakuacha jina lake, na mtoto wa juzi aliyekuja na kisu ataka lake likae.

Penye bahari, yatazamwe maji kabla ya tarehe kuwekwa. Vijana waliokulia ndani ya mitaa wameacha kuijua elimu hii iliyokuwa ya kulla mvuvi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ni bamvua: hapa petu maji hupwa kabisa yapata saa nne au saa tano za asubuhi, na hujaa yapata saa kumi za jioni, na yakenda au yakija huvuta kwa nguvu, khasa penye milango na mikondo. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, nayo ni mapole zaidi. Kundi lenye watoto na wasiojua kuogelea na lichague maji mafu; hivyo tarehe saba na tarehe 22 za mwezi wa Kiislamu zina faida hata kwa mwenye kwenda kucheza. Na miezi ya mvua za mwaka na ya vuli, safari ndefu za Lamu zisifungwe kabla ya kuulizwa khabari za njia; mwishoni mwa 2023 maji yaliikata barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu, na wasafiri wakakwama.

Kuhusu sala, mengi yasemwayo garini si sahihi. Kupunguza kuna kiasi chake, nacho katika madhehebu yetu ya Shafi ni marhala mbili, ambazo kwa hesabu ya leo hupindukia kilomita 80, kwa kwenda tu, bila kujumlisha na kurudi. Basi aendaye Jumba, au Diani, au hata Kilifi kutoka Kisauni, husali sala yake kamili. Aendaye Gedi au Malindi anayo ruhusa ya kupunguza na ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, tangu aondokapo katika majengo ya mji wake. Amiri na ajue mapema watasali wapi, na wanawake watapata wapi maji na stara; jambo la pili husahauliwa mno na makundi yanayopangwa na wanaume. Siku ya Ijumaa iepukwe.

Limebaki neno kwa wazazi. Wako walioapa kwamba watoto wao hawatapanda gari la mandari kamwe, kwa ajili ya waliowaona wakirudishwa katika jeneza. Huzuni yao twaijua na hatuilaumu. Lakini kijana wa miaka ishirini aliyekatazwa bila ya kusikizwa hutoka kwa siri, akasema yuko kwa shangazi yake Kongowea, na gari likiharibika usiku njiani hapana nyumbani ajuaye amtafute wapi. Afadhali mzazi amwambie: nionyeshe karatasi. Nani amiri wenu, nani dereva, gari ni lipi, mtaondoka wapi saa ngapi, mtarudi saa ngapi. Akiwa na majibu, amruhusu; akiwa hana, amrudishe akayatafute kwa wenzake, na mara nyingi hapo ndipo wenzake nao watakapoyafikiri kwa mara ya kwanza.

Na karatasi hiyo iandikwe mara mbili, pamoja na majina ya wote na nambari za simu za nyumbani kwao na nambari ya gari. Moja ichukuliwe na amiri. Ya pili ibaki mtaani kwa mtu mzima asiyesafiri, ambaye ameambiwa kwamba ikipita saa moja baada ya wakati wa kurudi na hajapata khabari, aanze kupiga simu.